Mfuko wa Katikati

Kadi ilikuwa imelowa kwa ndani. Kava lake la plastiki lilikuwa kavu, meza kavu, Karatu nzima kavu mpaka vumbi jekundu linakwaruza kwenye meno. Lakini ndani ya kava mlikuwa na maji, tena mazito kama ute wa yai.

Inosenti aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akainusa. Ilinuka dimbwi ambalo ng'ombe wamelinywea, wakajisaidia humo humo, kisha wakaondoka.

"Condensation," akasema, maana alikuwa na digrii.

Digrii yenyewe, ya utalii na wanyamapori, ilining'inia ukutani ndani ya fremu, ikitazama magari ya watalii yanavyopanda kwenda Ngorongoro na kumwachia mwenyewe vumbi. Kila lodge aliyoomba kazi ilimuuliza experience. Experience ataipata wapi mtu asiyepewa kazi? Swali hilo chuoni hawakulitungia mtihani. Aliyepata kazi lodge ni dada yake Selestina, wa form four, anayetandika vitanda vya wazungu. Na ndiye aliyerudi siku moja na kopo la kadi ambalo mgeni alilitupa kwenye kapu la taka, pamoja na albamu ya kuzipanga, kila ukurasa una mifuko ya plastiki tisa, safu tatu juu ya tatu.

Kadi za kubadilishana. Kila moja ina picha ya kiumbe, nguvu zake na udhaifu wake. Inosenti alijifundisha kwa YouTube, kwa bando la kuombaomba: mchezaji hutafuta kadi zinazosaidiana, mkusanyaji hutafuta seti itimie. Usiishike kwa vidole vyenye mafuta. Ivishe kava kabla hujaipenda. Na kubadilishana hakukamiliki mpaka wote wawili wameridhika. Saluni ya kunyolea ya rafiki yake Hilary ikageuka uwanja. Bodaboda na ma-guide wasio na safari wakawa wanapanga foleni kufundishwa, wakimwita mwalimu. Tangu amalize chuo hakuna aliyekuwa amemwita kitu chochote cha maana.

Ukurasa wake wa kwanza ulibakiza kadi moja tu, ya mfuko wa katikati: kiumbe kinachong'aa, kimechuchumaa kwenye bwawa. Kadi hiyo alikuwa nayo Hilary. Na Hilary alikuwa kwenye metimani.

Metimani kwa Wairaqw si adhabu. Nyumba iliyopatwa na msiba wa aina fulani hujitenga: haishikani mkono na mtu, haichoti maji na wengine, haitoi wala haipokei, mpaka mkosi ukauke wenyewe. Wengi siku hizi wameacha. Ukoo wa Hilary haukuacha. Mimba ya mkewe Blandina ilikuwa imeharibika, nao wakajifungia nyuma ya ua wao wa minyaa, majirani wakiwawekea unga mpakani na kuondoka bila salamu.

Inosenti aliyajua yote hayo. Aliyanyonya pamoja na maziwa ya mama. Ndiyo maana alichagua mchana wa Jumapili, watu wakiwa kanisani.

"Oyaa, Hilary. Ile kadi."

"Mwalimu, rudi nyumbani. Dada yako ana mimba."

"Superstition hizo, bro. Ni karatasi tu. Tunafanya trade, nasepa."

Hilary alisogea kwenye ua. Mtu ambaye kazi yake ni kunyoa wenzake alikuwa na ndevu kama za beberu. "Unanipa nini?"

"Useme wewe."

"Nipe yoyote. Nimesahau ilivyo kupokea kitu kwenye mkono wa mtu."

Mikono ikapita katikati ya minyaa, utomvu mweupe ukawapaka vidole wote wawili. Vidole vya Hilary vilikuwa na ubaridi wa chura. Inosenti alijifuta kwenye suruali njia nzima, na utomvu ule, badala ya kukauka, ukazidi kuteleza.

Hiyo ndiyo kadi iliyolowa.

Siku iliyofuata picha ilikuwa na bwawa peke yake. Kiumbe hakikuwepo.

"Nani katapika humu ndani?" mama yao, Evarista, akauliza akiwa bado mlangoni, amebeba kuni.

"Hakuna mtu, mama."

"Basi kuna mtu ameoza."

Maziwa yakaanza kuvutika kama makamasi ukiyamimina. Ugali, hata uwe wa moto kiasi gani, ulikuwa na utelezi chini, upande uliogusa sahani. Na kila walipokaa kula mchana, ilisikika sauti ya kulamba, taratibu, chini ya meza, kama ndama anayelamba chumvi. Wakiacha kutafuna, nayo inaacha.

"Ni paka," Inosenti akanong'ona.

"Paka wetu alikufa Pasaka," Selestina akamjibu. Alikuwa amenyanyua miguu yote miwili juu ya kiti, tumbo lake kubwa limebanwa na meza. "Kaka, umeleta nini?"

Inosenti aliinuka. Alikwenda chumbani akafungua albamu.

Kadi zake zilikuwa zimesukumwa nje, zimetapakaa sakafuni kama maganda, na ndani ya mifuko yake, kila kitu mahali pake, kimenyooshwa vizuri kama mkusanyaji mwenye mapenzi anavyofanya, palikuwa na ukucha mweusi wa dole gumba la mguu wa mama yake, ule uliokuwa unamsumbua tangu mwaka jana na ambao asubuhi aliamka hana akashukuru Mungu, na pembeni yake gaga la kidonda chake mwenyewe Inosenti likiwa bado na usaha wa njano uliosambaa kwenye plastiki, na safu ya chini kishungi cha nywele za Selestina kilichong'oka na kipande cha ngozi ya kichwa, na pande la mafuta ya mbuzi lililotafunwa na kutemwa, lenye alama za meno anazozijua kwa sababu ni za kwake, na jino la nyuma, na nta ya sikio, na tongotongo la jicho, na utando mweupe wa ulimi uliokwanguliwa na kukunjwa kama leso, vyote vimezunguka, vyote vimelowa, vyote vimetimia, isipokuwa mfuko wa katikati ambao kadi ya bwawa ilikuwa imeporomoka kutoka humo, nao ulikuwa umebaki wazi, mdomo wake wa plastiki ukifunguka na kufumba kidogo kidogo.

"Kaka," Selestina akamwita toka sebuleni, sauti ndogo. "Mtoto amekuwa kimya tangu asubuhi. Hapigi teke."

Mama hakuuliza swali la pili. Aliinyakua ile albamu kwa khanga, akaitupa jikoni kwenye moto. Plastiki haikuyeyuka. Ilinuka nyama ya mtu inayochomwa. Na huko ndani Selestina akapiga yowe, akashika tumbo, akisema linaungua, linaungua, mpaka mama akaichomoa kwenye majivu kwa mikono mitupu.

Basi Inosenti akafikiri kama alivyowafundisha wenzake. Kubadilishana hakukamiliki mpaka wote wawili wameridhika. Kama kiumbe kile kinataka kitu cha katikati, kipewe kitu; kipewe cha Inosenti mwenyewe, si cha dada yake. Akaiteremsha digrii ukutani, akaitoa kwenye fremu, akaikunja, akaipenyeza kwenye ule mfuko. Mfuko ukaimeza yote. Akasikia ikitafunwa.

Halafu ikatemwa. Ilianguka miguuni pake, donge la kijivu lililojaa makohozi. Jina la chuo bado lilisomeka.

Kidudu kilichokula ukucha wa mguu wa mama yake kiliikataa digrii. Hapo ndipo Inosenti alipolia.

Mzee Raphaeli ana duka la dawa za mifugo karibu na mnada, na watu wanajua kwamba haponyi ng'ombe peke yao. Mama alimwita, akafika jioni hiyo na harufu ya dawa ya kuogeshea mifugo, akavuka kizingiti, akatoka tena, akatapika kwenye maua ya mama Inosenti. Akajifuta mdomo.

"Shikamoo, mzee."

"Weka salamu yako. Umechukua nini kwenye nyumba iliyojitenga?"

"Kadi, mzee."

"Ya benki?"

"Ya mchezo."

Mzee alimtazama toka kichwani mpaka viatuni. "Una miaka mingapi wewe?"

Inosenti akatazama viatu vyake.

"Mama yako alilipa ada ili usijue kitu kila bibi wa Mbulu anakijua?" Akatema mate pembeni. "Huyo ni netlangw. Pepo wa majimaji. Akishika nyumba yenye msiba, anakwama humo, kwa sababu watu wale hawatoi kitu, hawapokei kitu. Hana njia. Ananyauka na njaa, anakwenda zake. Wewe umemtengenezea njia. Tena umemletea na makabati."

"Atamchukua mtoto?"

"Unaona mfuko upo wazi, unaniuliza mimi." Raphaeli akafunga koti. "Kilichopita mkono kwa mkono kirudi mkono kwa mkono. Halafu na wewe utajitenga. Leo hii, na huo uchafu wako. Humgusi dada yako mpaka niseme mimi."

Walikwenda kwa Hilary jua likizama upande wa Oldeani. Inosenti aliibeba kadi kwa vidole viwili, na njia nzima maji yalimchuruzika mpaka kwenye kiwiko, ya vuguvugu sasa, kama mate. Hilary alisimama nyuma ya minyaa. Hakumtukana, na afadhali angemtukana.

"Nilikuambia una dada," akasema.

"Nisamehe."

"Lete."

Wakabadilishana. Hilary akapokea bwawa lake, akamrudishia kadi yake, na upande ule wa ua, kwenye nyasi kavu, kitu kikaanguka kwa uzito wa ini la ng'ombe, kikajiburuza kuelekea nyumba ya Hilary. Blandina alikisikia. Alifunga mlango taratibu, kama mtu aliyezoea.

Usiku ule mtoto alipiga teke.

Inosenti akahamia kibanda cha nyuma, kilichokuwa cha mbuzi. Mama alimwekea chakula juu ya jiwe na kuondoka. Albamu ilikuwa pale pale chini, imefungwa kamba ya ngozi, jiwe la kusagia juu yake. Raphaeli alisema itafunguliwa siku ya kutoka, na ikiwa tupu itachomwa. Mvua zikanyesha. Selestina akajifungua mtoto wa kike hospitali, mzima, mwenye kelele. Inosenti alimwona kwa mbali tu, akipungishwa mkono wake mdogo juu ya ua. Kitovu kilipokauka na kudondoka, Evarista, bibi mtu sasa, alikizika kwenye shina la mti wa kahawa kama ilivyo desturi, akashindilia udongo kwa kisigino. Harufu haikurudi. Hata maziwa yalimiminika vizuri.

Siku ya kutoka, Inosenti alinyolewa, akaogeshwa, akapewa mkono na mzee Raphaeli mwenyewe. Familia ikasimama mlangoni pa kibanda, Selestina na mtoto mgongoni. Mzee akakata kamba, akafungua.

Mfuko wa kwanza mtupu. Wa pili mtupu. Kucha, nywele, jino, vyote vilikuwa vimekwenda, plastiki safi kama ya dukani. Inosenti akaanza kutabasamu.

Katikati palikuwa na kitu kidogo, cheusi, kimesokotwa kama mkia wa panya. Kilikuwa kimelowa. Kilikuwa bado na udongo mwekundu.

"Mama," Selestina akasema polepole. "Kitovu ulikizika wapi?"

Mama alikuwa ameshaziba pua. Mgongoni mwa Selestina mtoto alikuwa ameamka, ametulia, ulimi nje, akilamba shingo ya mama yake taratibu, kama ndama anayelamba chumvi. Na ukurasa wa pili wa albamu, bila kuguswa na mtu, ukajifunua wenyewe, mifuko yake yote ikiwa wazi.