Puto Lililofunga Milango ya Kengeja

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Khairiya binti Hafidh alikaa kwenye dawati la mbele, akatoa rula, penseli mbili na daftari lenye jalada la plastiki, akaendelea na kazi aliyoiona nzito kuliko ya waziri yeyote. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na darasa lao pale skuli ya Madungu lilikuwa limemchagua kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Safari. Kamati yenyewe ilikuwa na watu wawili. Katibu alikuwa Qais, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kumcheka mwenyekiti.

Safari ilikuwa hivi. Wangeondoka Chake Chake kwa basi alfajiri, wakafuata barabara ya kusini inayopita kwenye mikarafuu na mabonde ya mpunga, mpaka Mtambile. Hapo wanafunzi wawili, yaani mwenyekiti na katibu, wangepanda puto la hewa moto la Kapteni Nabhan. Kapteni huyu alikuwa Mpemba aliyerusha watalii kwenye mbuga za bara kwa miaka mingi, na sasa alikuwa amerudi nyumbani na puto lake kupiga picha za mikoko. Upepo wa kaskazi ungewasukuma taratibu hadi kiwanja cha mpira cha Kengeja, wenzao wakiwafuata kwa basi. Khairiya alipanga kila jambo kwa dakika. Qais alidai kuwa hata chafya zilitengewa muda.

Jambo moja tu halikuhitaji rula, lilihitaji miguu. Puto halina breki, Kapteni alikuwa amewaeleza. Likishuka, lazima watu kumi wawe chini kudaka kamba na kulishikilia. Na nyuma ya kile kiwanja kulikuwa na mashamba ya muhogo, nyuma ya muhogo mikoko, na nyuma ya mikoko hakuna kitu ila bahari. Kwa hiyo Mwalimu Abeer aliandika barua kwa Sheha, yaani kiongozi wa kijiji cha Kengeja, ili atafute hao watu na kuwatangazia wanakijiji msikitini. Kwa kuwa Khairiya alikuwa na bibi Kengeja na alimtembelea kila Ijumaa, barua akapewa yeye.

Ijumaa hiyo ilinyesha mvua isiyo ya msimu wake. Bibi yake, Bi Moza, alikuwa amepika muhogo wa nazi na papa, na nyumba ya Sheha ilikuwa upande wa pili wa tope. Khairiya alikula, akajinyoosha kidogo, akashtuka gari za kurudi mjini zinaanza kuondoka. Jumatatu Mwalimu alipomuuliza, alifungua daftari, akatafuta mstari wa Sheha, na kwa mwandiko mzuri kabisa akaandika: Ameridhia. Neno moja tu.

Siku ya Jumatano bibi alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu asiyetaka kusikiwa na kuta. Alisema kwamba kwa asubuhi tatu mfululizo, kabla ya jua, kitu kama taa kubwa kuliko nyumba kilikuwa kikipanda angani upande wa Mtambile. Kilizimika, kikawaka, kikazimika tena. Waliotangulia mashambani walikuwa wamekisogelea, wakarudi mbio.

"Kinapumua, mjukuu wangu," alisema Bi Moza. "Siku hizi hapa hatoki mtu mpaka jua liwake. Na weye ukija, usije mapema."

Khairiya alijua fika kilichokuwa kikipumua. Kapteni alikuwa akijaribu puto na jiko lake la gesi. Sentensi moja ingemtuliza bibi, lakini sentensi hiyo ingevuta nyingine, na ya pili ingeivuta ile barua. Akamwambia bibi pole, afunge mlango vizuri. Kisha akamsimulia Qais habari ile, akikiongezea kile kitu meno na mkia, wakacheka mpaka mbavu zikawauma.

Jumamosi, mwanga ukiwa ndiyo kwanza unapambazuka, puto liliinuka kutoka Mtambile. Ndani ya kikapu walikuwa wanne: Kapteni, Mwalimu Abeer, Qais na Khairiya. Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Ukungu ulijaa mabondeni kama tui, na vichwa vya minazi vimechomoza juu yake. Hawakusikia hata upepo, kwa sababu walikuwa wakienda pamoja nao. Sauti za chini ziliwafikia safi ajabu: mwiko ukigonga sufuria, mtoto akilia, mtu akikohoa.

Walipoikaribia Kengeja, sauti hizo zikaanza kukatika. Kikohozi kilikatika katikati. Mtoto akanyamaza kama aliyezibwa mdomo. Mlango ukafungwa, ukafuata mwingine, na mwingine, ta, ta, ta, mpaka mwisho wa kijiji. Kapteni alivuta mkono wa jiko na moto ukanguruma juu yao. Ulipozimika, kimya kilichobaki chini kilikuwa kizito zaidi.

Khairiya aliinama kutazama. Moshi ulikuwa ukitoka majikoni, lakini jikoni hapakuwa na mtu. Ndoo ilikuwa imelala njiani, maji bado yanatiririka. Hatua chache mbele palikuwa na ndara moja ya mtoto. Kiwanja cha mpira kilikuwa kitupu, hata mbuzi hakuna, na basi la wenzao lilikuwa bado halijafika.

"Watu wetu wako wapi?" aliuliza Kapteni.

Kisha wakasikia uvumi mwembamba, kama nyuki ndani ya ukuta. Ulitoka katika kila nyumba kwa pamoja. Mwalimu Abeer ndiye aliyeutambua kwanza, akashika ukingo wa kikapu. Watu walikuwa wakisoma Ayatul Kursiyyu nyuma ya milango, kujikinga na shetani.

Puto lilikuwa limeshuka hadi usawa wa minazi. Kapteni aliangusha kamba, ikajiburura mchangani kama mkia. Akatoa salamu kwa sauti kubwa mara tatu. Uvumi ukazidi. Aliwaambia kwa utulivu wa kutisha kwamba gesi iliyobaki ni ya kushukia, si ya kupandia, na kwamba wasiposhikwa hapa, kinachofuata ni mikoko na maji.

Qais hakuwa akicheka tena. Khairiya alijua kwa nini salamu haikujibiwa, maana alikuwa mjukuu wa hapa. Sauti ikuitayo kabla ya jua haijibiwi mpaka ijitaje yenyewe, na ubini wake, na ilichokifuata. Akaweka mikono mdomoni.

"Mimi ni Khairiya binti Hafidh bin Msellem, mjukuu wa Bi Moza."

Uvumi ukapungua. Nyuma ya mlango wa buluu, sauti ya mwanamke mtu mzima ikauliza, "Umefuata nini?"

"Tumepotea njia," alisema Khairiya, kwa mazoea ya kukwepa.

Uvumi ukarudi, mkubwa kuliko mwanzo. Kamba ilikuwa imeshapita nusu ya kiwanja. Khairiya alimtazama Mwalimu wake, akaona kwamba aibu ya kusema ni ndogo kuliko bahari.

"Nilipewa barua ya Sheha na sikuifikisha," alipaza sauti, ikimkatikakatika. "Niliandika kuwa ameridhia, nikadanganya. Bibi aliponambia mnaogopa, nilijua ni puto na nikanyamaza. Kosa ni langu mimi. Tushikeni."

Mlango wa buluu ukafunguka. Akatoka Bi Rahila, ambaye ndiye Sheha mwenyewe, kajifunga kanga kiunoni na mchi wa kinu mkononi. Akatazama juu, akautupa mchi, akaikimbilia kamba huku akiwaita watu kwa majina. Milango ikafunguka mmoja mmoja. Watu ishirini walining'inia kwenye kamba, na puto likatua mwisho wa kiwanja, likiwa limevunja mashina matatu tu ya muhogo.

Walipokuwa wanakunywa maji, Kapteni alimuuliza Bi Rahila amejuaje kuwa ni binadamu.

"Jina si hoja," alijibu. "Hao wengine wanajua majina yetu mpaka ya mababu. Lakini tangu nizaliwe sijasikia shetani akikiri kosa mbele ya mwalimu wake." Kisha akamgeukia Khairiya, na hapo hakutabasamu. "Kutoniletea barua ni uvivu, na uvivu unasameheka. Ila neno moja ulilolitia daftarini limewafungia watu wazima majumbani mwao siku kadhaa, na leo lingewazamisha wanne. Anayetaka kupanga safari ya watu, mwanangu, kwanza awe mtu wa kuaminika. Saa na dakika baadaye."

Mwalimu Abeer alimwonyesha nyumba ya kwanza. Kijiji kizima kilistahili kuombwa radhi, kwa miguu, mlango kwa mlango. Kufikia adhuhuri Khairiya alikuwa kwenye mlango wa thelathini na moja, na maneno yale yale hayakuwa yamepata wepesi hata kidogo.