Nilimwambia Mdogo Wangu Akitupe Kidonge

Nina umri wa miaka ishirini na tisa. Ninaishi peke yangu hapa Kitale, katika chumba cha kupanga nyuma ya soko, na kazi yangu ni kuuza mitumba ya watoto. Ndiyo, nguo za watoto… mimi nisiye na mtoto! Msinionee huruma bado, wasomaji wenzangu. Subirini kwanza mjue nilichofanya.

Tulizaliwa wawili tu kwa mama yetu, mimi na mdogo wangu Naliaka, kule Kachibora. Mama alifariki tukiwa bado wasichana wadogo, kwa hiyo mimi ndiye niliyemlea Naliaka. Nilimsuka nywele, nilimpikia, nilimtandika alipokosea. Nikimwambia mboga imezidi chumvi, hakuonja. Aliniamini hivyo.

Nikaolewa na Wekesa, mtu wa Bungoma, aliyekuwa akinunua mahindi kwa wakulima na kuwauzia wenye malori pale Moi's Bridge. Tulipanga nyumba Kitale. Miaka minne ikapita bila mtoto! Wanawake wenzangu, mnajua maneno ya watu. Niliitwa kila jina. Nilipopata mimba hatimaye, nililia kwa furaha hadi jirani akaja kuuliza nani amekufa.

Nilienda kliniki ya wajawazito nikiwa nimevaa nguo yangu ya kanisani. Nikatolewa damu. Kisha sista akafunga mlango, akanishika mkono, akaniambia nina virusi vya ukimwi…

Nilimwona akisogeza midomo lakini sikusikia neno. Alirudia mara kadhaa. Alinipa kidonge kimoja kilichofungwa kwenye karatasi, akaniagiza nikimeze uchungu ukianza tu, kisha nimlete mtoto kabla ya siku tatu kuisha ili apewe dawa yake ya maji. Alisema hiyo haiokoi watoto wote, lakini inaokoa wengi. Nilikifumbata kile kidonge mpaka nyumbani.

Wekesa alipopata habari alipiga meza kwa ngumi. "Ati virusi? Na wewe unaamini hao watu, bana? Si ndio hao hao wanabadilisha maneno kila mwaka?"

Na kwa kweli, yalikuwa yamebadilika. Tulipokuwa shule tuliambiwa huo ni ugonjwa wa nchi za mbali. Baadaye wakasema umefika, lakini ni wa malaya na madereva wa malori. Halafu chifu akaitisha baraza na kutuambia ni janga letu sote. Wekesa aliuliza kesho watasema nini. Aliuliza pia tangu lini serikali, inayochukua mahindi ya mkulima na kumzungusha kuhusu malipo hadi achoke, ikaanza kugawa kitu bure. Pale Moi's Bridge wanaume walikuwa wakiambiana kwamba vidonge vile ni vya kufunga vizazi, kwamba wakubwa wameona watu wa huku tumekuwa wengi mno. Alinikataza kukanyaga kliniki tena. Yeye mwenyewe kupimwa? Alisema heri alale kaburini!

Lakini kidonge changu nilikuwa nacho bado.

Mimba ilipokaribia kutimia, nilipelekwa Bungoma kwa mama mkwe. Mtoto wa kwanza ilibidi azaliwe kwao, maana kama ni mvulana angepewa jina la babu yake, Makokha, ambaye alikuwa amefariki miaka michache kabla. Mama mkwe alilingoja jina hilo kama mtu anayengoja mgeni. Kila jioni aliniwekea mkono tumboni na kusalimia, "Mulembe, mzee," kana kwamba mumewe ndiye anayerudi. Alinipenda mama yule! Msije mkadhani alinichukia, hapana. Alinipa maini ya kuku, ambayo kwake hayakuwahi kuliwa na mkaza mwana.

Ndiyo maana nilimwamini nikamweleza yote. Nilimwonyesha kidonge. Nilimwomba anitunzie, kwa sababu Wekesa angekuja wakati wowote na angekipata kwenye mizigo yangu.

Alikitazama. Kisha akanisimulia jinsi mumewe alivyokufa. Walipompeleka hospitali mara ya kwanza waliambiwa ni malaria. Mara ya pili, homa ya matumbo. Mara ya tatu, nimonia. "Walikuwa wanajua, mwanangu," alisema. "Huyo daktari alikuwa anaangalia dirisha wakati anaongea na mimi. Mtu hawezi ongea ukweli akiangalia dirisha. Serikari ni ya kutuficha tu."

Nilimwambia siku hizi mambo yamebadilika. Akatikisa kichwa, akakipokea, akakitia katika kikopo chake cha tumbaku. "Nitakuwekea. Wewe kula, upate nguvu."

Uchungu ulianza asubuhi nikichambua maharagwe. Nilimwita kwa sauti, "Mama, kidonge!" Alikuja haraka na kikombe cha maji, akaniwekea kidonge cheupe kwenye ulimi. Nilikimeza huku nikimshukuru Mungu. Mchana jua likiwa juu, mwanangu akalia… Mvulana! Mama mkwe alitoka uani akipiga vigelegele na kumwita marehemu mumewe.

Siku iliyofuata niliomba tumpeleke mtoto hospitali akapewe dawa yake ya maji. Mama mkwe alikataa katakata. Kwao mtoto hatolewi nje ya nyumba kabla kitovu hakijakauka na kuanguka. Nililia, nikabembeleza. Wekesa alikuwa amefika, naye akamuunga mkono mama yake. Kitovu kilianguka wiki iliyofuata! Nilijifariji kwamba angalau kidonge nilikuwa nimekimeza. Mtu akizama hushika hata jani, nami nilishika hilo.

Tulirudi Kitale. Makokha wangu alikuwa mzuri, jamani! Alicheka mapema, akapenda kuvuta pete za masikio yangu. Kwa miezi kadhaa nilisahau kabisa kwamba nilikuwa na jambo la kuogopa.

Kisha kikohozi kikaja. Kikaisha, kikarudi. Mdomoni mwake mkajaa utando mweupe hata akashindwa kunyonya. Alipungua mpaka nikaona aibu kumvua nguo mbele za watu. Nilimbeba kisirisiri hadi hospitali, akapimwa… Anavyo! Mwanangu anavyo!

Hapo ndipo nilipogeuka, wasomaji. Nilimfokea daktari mbele ya foleni nzima. Nilimwambia nilimeza kidonge chao, nilifuata maneno yao, na bado mtoto wangu yuko hivi! Daktari aliuliza kuhusu dawa ya maji. Nikaona anatafuta pa kunibebesha lawama, nikatoka nikibamiza mlango. Kumbe Wekesa alikuwa amesema kweli! Kumbe wale wanaume wa Moi's Bridge walikuwa wakijua! Mimi mjinga ndiye niliyeamini!

Sikunyamaza. Pale ninapouzia mitumba, kila mwenye tumbo aliyesimama kuchagua nguo alinisikia. Niliwaambia kidonge cha kliniki ni uongo. Niliwaambia labda ndicho kilichomletea mwanangu ugonjwa. Nilikuwa na ushahidi mgongoni, akikohoa! Nani angebishana na mimi? Wengine walinishukuru. Mmoja alinikumbatia.

Na siku moja akaja Naliaka, ambaye alikuwa ameolewa huko huko Kachibora.

Alikuwa na mimba ya miezi minane. Alikaa kwenye gunia langu la nguo, akaanza kulia kabla hajasema neno. Naye alikuwa amepimwa. Naye walikuwa wamempa kidonge. Alikifungua kutoka kwenye kitambaa chake cha mkononi, akaniuliza, "Dada, nifanye nini? Nimekuja kwako, sina mwingine."

Sikufikiri hata kidogo. Nilimweka Makokha mapajani pake, nikamwambia amtazame. "Nilimeza kama hicho hicho. Na hii ndiyo faida yake. Tupa!"

Akakitupa kwenye mtaro wa maji machafu… Tuliangalia wote wawili kikichukuliwa na maji. Kisha nikamnunulia chai na andazi, nikijiona nimeokoa mtu.

Wiki tatu baadaye Makokha alifariki nikiwa nimempakata. Hakusumbua. Aliacha tu kuvuta pete ya sikio langu.

Tulimzika Bungoma, kando ya babu yake. Mhubiri alisema ni nimonia. Nilipowasikia watu wakiitikia "Amina", nilishindwa kujizuia. Nilijitupa chini mbele ya waombolezaji nikapiga mayowe kwamba serikali imeniulia mtoto, kwamba nilimeza kidonge chao kwa mdomo wangu huu, kwamba wanawake wote wa Bungoma wasikubali! Wanaume walinguruma kwa hasira. Mmoja akasema wakija tena na gari lao la matangazo watalipiga mawe.

Mama mkwe akanishika mkono. Alinivuta hadi nyuma ya jiko, akakaa chini kwenye majivu, yeye mtu mzima vile.

"Usipige kelele hivyo," alisema. "Hukumeza."

Sikumwelewa.

"Ile nilikupatia ilikuwa dawa ya kichwa, ya dukani. Yao nilitupa choo siku ile ile ulinipea. Nilikuwa naogopa itaua mzee akiwa njiani anarudi. Walinidanganya mara tatu, mwanangu! Mara tatu! Ningewaamini ya nne aje?"

Jamani… nifanye nini na mtu kama huyo? Nilitaka kumpiga. Niliinua mkono kweli. Lakini niliona kwamba alikuwa amenyoa nywele zote kwa kuomboleza, na kichwa chake kilikuwa kidogo sana. Mkono ukashuka wenyewe. Alilia akiniuliza kama kidonge kile kingemwokoa Makokha. Labda kingemwokoa. Labda la. Sitajua mpaka niingie kaburini, na hilo ndilo linalonila hadi leo.

Kisha nikamkumbuka Naliaka.

Sikungoja hata chai ya matanga. Nililala Kitale usiku huo na kufika Kachibora mchana wa kesho yake, nikiwa na nguo zile zile za mazishi. Nilimkuta mdogo wangu akianua mahindi juani, tumbo limeshuka, siku zake zimewadia. Nilimpigia magoti. Nilimweleza yote, neno kwa neno, mama mkwe, kikopo cha tumbaku, dawa ya kichwa. Nilimsihi twende kliniki saa hiyo hiyo akapewe kingine.

Hakusimama. Aliendelea kuzoa mahindi kwa mikono.

"Ulisema kinaua," alijibu. "Leo unasema kinaponya. Kesho utasema nini, dada?"

Niliapa kwa kaburi la mama. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike, na sijawahi kuona macho yake yakiwa hivyo kwangu. "Ati mama mkwe alibadilisha! Si umetumwa? Wamekulipa ngapi? Wewe ndiye ulinishikisha Makokha hapa mapajani, ukaniambia nitazame. Nilitazama. Hiyo tu ndiyo naamini."

Nilimlea mimi! Hakuwa akionja chumvi, nikimwambia! Sasa hakuna kiapo kinachomfikia. Mumewe alinitoa uani kwa upole, akaniambia nisirudi kumtisha mtu aliyekaribia kujifungua. Nilirudi mara mbili zaidi, nikazuiwa langoni. Alijifungua nyumbani kwake, mtoto wa kike. Nilisikia kwa watu.

Wekesa aliniacha. Nasikia yuko Moi's Bridge, amekonda, anaenda kwa mtu wa maombi, na hajapimwa. Mama mkwe hunitumia salamu, nami huzipokea. Mimi sasa ninatumia dawa kila siku na nina nguvu. Nimezunguka soko zima kuwatafuta wale wanawake niliowapotosha. Wachache wamenisikiliza. Wengine wananiona nikija wanavuka barabara. Wamenipa jina, wananiita "Matangazo".

Wasomaji wenzangu, sisemi muamini kila mnachoambiwa. Mama mkwe wangu alidanganywa kweli, na waliomdanganya wakidhani wanamfichia aibu wana sehemu yao katika kaburi la mwanangu. Lakini mkitilia shaka, nendeni mkaulize tena, mkaulize na pengine, kabla hamjamshauri mtu mwingine. Uchungu wangu niliufanya kuwa habari ya kweli, nikaisambaza bila kujua nilimeza nini! Na wewe uliye na mgonjwa nyumbani, utaje ugonjwa kwa jina lake. Usimfiche hata mama mzee jikoni.

Nimeandika kwenye ukurasa huu kwa sababu Naliaka huusoma. Tangu tukiwa wasichana tulikuwa tukigombania gazeti hili, na mikasa ya humu huiamini. Mimi haniamini tena.

Naliaka, nimesikia mtoto ameanza kukohoa. Kuna dawa za watoto siku hizi, nimeziona kwa macho yangu. Usinifungulie mlango, usinisalimie hadi nife, sawa tu… lakini mpeleke, mdogo wangu. Mpeleke leo.