Sentensi ya Kilomita Laki Nne

Tandu-fundi alipenya chini ya gari, akanyoosha miguu yake ishirini na minne ya chuma, akaanza kufungua nati za shokapu za nyuma bila kelele zaidi ya mtu anayetafuna karanga. Mguu mmoja ulishika taa, mwingine ukapuliza kutu, wa tatu ukapima bushi na kutangaza unene wake. Kazi ambayo zamani ilimlaza fundi chali kuanzia asubuhi hadi alasiri, mashine hii iliimaliza kabla chai haijapoa. Mwaka huo wa 2074, karibu kila mtaa jijini Arusha ulikuwa na tandu wa kuazimana. Yule wa Njiro alikaa kwa Mhandisi Mbonea Mshana, na majirani walishachoka kumwomba, maana mzee alikuwa na sababu mpya kila siku.

Gari lenyewe lilikuwa sedani nyeusi ya kifahari, ya mtumba, iliyoletwa kutoka Japani miaka thelathini na nane nyuma. Mbonea aliitoa injini akaweka mota ya umeme. Alibadilisha betri mara tatu na taa mara mbili, na viti vya ngozi alivipaka mafuta kila Jumamosi kwa kitambaa ambacho mtu mwingine hakuruhusiwa kukigusa. Ukimuuliza gari ni la nani, hakusitasita: "La Mama Nakiete."

Mama Nakiete, yaani Namsifu, mkewe, alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Lakini sauti yake ilikuwa ndani ya gari.

Mambo yalianza hivi. Gari lilipofika, kila ukiliwasha, mwanamke wa Kijapani alizungumza kwa adabu kutoka kisanduku kidogo chini ya dashibodi, cha kulipia barabara za kwao. Hakuna aliyeelewa neno. Namsifu alikuwa akimjibu, "Haya mama, tumesikia," na watoto wa jirani waliopewa lifti walicheka mpaka wakapaliwa. Baada ya miaka minne akachoka. "Siwezi kuzeeka namjibu mtu nisiyemwelewa," alisema. Akakata waya wa kile kisanduku kwa mkasi wa kushonea. Alikuwa mwalimu wa fizikia, vyuma havikumtisha. Akaingiza kwenye kompyuta ya gari sentensi arobaini na moja kwa sauti yake mwenyewe.

"Mkanda, Baba Nakiete. Mbinguni hawajakuita."

"Mlango uko wazi, au mnafukuzwa?"

"Hilo ni tuta, siyo adui yako. Taratibu!"

Arobaini walizisikia. Ya arobaini na moja aliifungia kwa kufuli la siri. "Hiyo mtaisikia likifika kilomita laki nne," alisema, na hakuongeza neno. Tena alimjua mumewe: mtu wa kulinyanyua gari kwa jeki na kuzungusha magurudumu hewani. Kwa hiyo aliifunga hesabu na setilaiti, gari lihesabu safari ya kweli tu. Siku za mwisho hospitalini, Mbonea alimwapia kwamba hatalivunja lile kufuli. Atasubiri.

Zilikuwa zimebaki kilomita thelathini na nane alipofariki. Mwaka uleule sheria ikaja: gari lisilo na ubongo-njia lisikanyage barabara.

Ubongo-njia ni kidude kisichozidi kipande cha sabuni. Huzungumza na kila gari lililo karibu, hushika usukani, hukanyaga breki kabla wewe hujaona hatari. Tangu uingie, ajali jijini zimekuwa habari za kuhadithiana. Tatizo, ulitengenezwa kwa magari mapya. Miaka sita Mbonea alikaa uani akiutengenezea njia ya kuingia kwenye gari kuukuu, waya kwa waya. Sasa ulikuwa tayari, na mwisho wa kusajili magari ya zamani ulikuwa Jumamosi hiyo saa sita mchana. Magari yatakayobaki yangekwenda kuyeyushwa.

Saa tano kasoro, binti yake Nakiete aliingia getini na chupa ya maziwa ya mgando.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama." Alimwita hivyo kwa kuwa alibeba jina la mama mzazi wa Mbonea. "Shika hii bisibisi. Hapana, ile ndefu."

Nakiete aliitazama sedani iliyong'aa, akakitazama kile kipande cha sabuni mezani. "Baba, kabla hujakiweka. Sauti ya mama umeitolea nakala?"

"Nakala haitoki bila kuvunja kufuli. Nilimwapia."

"Basi zile arobaini. Nipe simu nizirekodi moja moja. Nafungua mlango, nalegeza mkanda..."

"Saa nzima itaisha unafungua milango kama mtoto! Sajili inafungwa saa sita."

"Na Ufagio je?"

Mzee alicheka. Ufagio ni programu inayoamka kila ubongo-njia unapowekwa, na kuitafuna kumbukumbu ya zamani ya gari. Zamani hizo mitumba ilikuja na siri za watu. Kuna mjane mmoja aliyeuza gari la marehemu, na kila asubuhi gari likawa linamwita mnunuzi kwa jina la marehemu na kumuuliza kama leo anapitia kwa fulani, na huyo fulani hakuwa mjane. Mtaa mzima ulisikia. Ndipo Taasisi ya Mwendo Salama ilipomwagiza mhandisi wake hodari aandike programu ya kusafisha. Mhandisi huyo alikuwa Mbonea. Walimpigia makofi, wakampa ngao ambayo mpaka leo ilizuia mlango wa stoo usijifunge.

"Ufagio nimeuandika mimi," alisema. "Mstari wa kwanza kabisa: sauti ya mwenye gari isiguswe. Wageni ndio wanaofagiliwa. Mama yako ni mgeni humu?"

"Sijasema hivyo, baba."

"Basi tulia."

Nakiete akatulia. Majuto yake yeye ni hapo, na amesema hivyo mara nyingi baadaye: kwamba aliujua ubishi wa baba yake, akauchukulia kuwa ndio ujuzi wake.

Tandu aliingiza mguu chini ya dashibodi kutafuta nafasi ya ule ubongo. "Waya umekatwa," alitangaza. "Niunge?"

"Unga," alisema Mbonea bila kugeuka.

Saa tano na nusu kile kidude kiliingia mahali pake. Taa ya kijani ikawaka. Mbonea alijifuta mikono, akamfungulia bintiye mlango wa mbele kwa heshima za harusini, kisha yeye mwenyewe akaketi kwenye usukani. Sauti nyororo ikatoka, isiyo ya mwanamume wala mwanamke.

"Karibu. Mwenye gari: Mbonea Mshana."

Mkono wa mzee ulisimama hewani.

"Sauti ya mwenye gari: haipo. Sauti za wageni: arobaini na moja. Zimefagiliwa. Gari lako ni safi."

"Hapana," alisema Mbonea. "Hapana, hapana. Rudisha."

"Kilichofagiliwa hakirudi," ilijibu ile sauti. Sentensi hiyo pia aliiandika yeye. Aliona fahari siku alipoiandika, kwamba ni fupi na haina mlango wa nyuma.

"Baba," Nakiete aliita taratibu. "Kadi ya gari ina jina la nani?"

Ilimrudia Mbonea siku ya kulichukua gari. Pesa zilikuwa za Namsifu, alizolipwa kwa kitabu chake cha fizikia, kila senti. Karani aliinua macho akauliza jina, naye Mbonea akatoa kitambulisho chake, bila kufikiri, maana kila nyumba aliyoijua kadi ya gari, hati ya kiwanja, hata laini ya maji, vyote viliandikwa jina la baba. Namsifu alisimama pembeni na mkoba wake. "Andika tu la kwake," alimwambia karani. "Tutalipanda wote." Mbonea alikuwa ameliita gari la Mama Nakiete kwa miaka thelathini na nane, akasahau kabisa kwamba kwenye karatasi hakuwahi kulifanya la mkewe.

"La kwangu," alisema. "Lina jina langu."

Nakiete alifunika uso kwa mikono.

"Nimemfuta mara mbili, mama. Mara ya kwanza kwa kalamu. Na ile ndiyo iliyomuua leo." Alilia waziwazi, mtu mzima wa miaka sabini na minne, kamasi kwenye masharubu. Mganga hajigangi, wahenga walisema, lakini huyu alikuwa amejipikia dawa na kujinywesha.

Walikaa hivyo mpaka usajili ukapita wenyewe. "Gari limeruhusiwa barabarani," ilisema ile sauti.

"Twende," alisema Nakiete ghafla.

"Wapi?"

"Kilomita thelathini na nane, baba. Umezihangaikia miaka sita."

Mbonea alibonyeza kitufe cha kuwashia. Mota ikanguruma kidogo, na kutoka chini ya dashibodi mwanamke akazungumza, kwa adabu, kwa Kijapani. Kile kisanduku hakikuwahi kuunganishwa na kompyuta ya gari, kwa hiyo Ufagio haukukiona. Kilichokuwa kimekinyamazisha ni mkasi wa kushonea tu, na tandu alikuwa ameuunga waya.

Nakiete alicheka na kulia kwa pamoja. "Mgeni ndiye aliyebaki."

"Ndiye aliyebaki," alisema baba yake.

Usukani ulizunguka wenyewe, ukawatoa Njiro, ukashika barabara ya Moshi. Gari lilikwenda laini, shokapu mpya hazikulalamika hata mara moja. Mzee aliweka mikono mapajani, hakuwa na la kufanya. Kwenye tuta la Tengeru gari lilipunguza mwendo lenyewe, wote wawili wakangoja neno ambalo halikuja. Usa River ikapita. Nakiete alihesabu namba za kilomita kwa midomo bila sauti.

Walipokaribia Kikatiti, ile tisa ya mwisho kwenye kioo cha kilomita ilianza kupanda. Mbonea akasema, "Simamisha," na ubongo ukaegesha gari pembeni baada ya mita chache, kwa usalama kamili. Kwenye kioo ilisomeka 400,000.

Hakuna kilichosema kitu. Mama mmoja barabarani alikuwa akipanga ndizi kwenye ndoo, akawatazama, akaendelea kupanga.

"Unadhani alisema nini?" Nakiete aliuliza.

"Sijui. Ndiyo adhabu yangu, mama. Sitajua."

Kisha akavuta mkanda, ambao kwa mshtuko wa asubuhi hakuwa ameufunga tangu Njiro na hakuna aliyemkemea, akaubana vizuri. Akainama karibu na dashibodi.

"Haya mama," alisema. "Tumesikia."