Harufu ya Rafu ya Chini

Kila asubuhi Candide alitoka na dada Eva. Walikaa nyumba moja pale Bellevue, nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba: Candide na mama yake, Warundi, chumba cha mbele, Eva na mama yake Mtanzania, chumba cha uani. Nyumbani Candide alimwita Eva dada. Wakishavuka robot ya mwisho, zile taa za kuongoza magari karibu na shule, alibadilisha: "Mwalimu, nikubebee mfuko?"

Eva alikuwa na digrii tayari. Sasa alisoma mwaka mmoja zaidi ili awe mkutubi wa shule, na chuo kilikuwa kimemleta shuleni kwa akina Candide kwa mafunzo ya vitendo. Chumba cha maktaba alikikuta kimejaa viti vibovu. Alikifagia, akapanga vitabu, akavibandika namba migongoni. Ijumaa mkufunzi wake angekuja kumpima. Akifeli hapati cheti, na shule haipati mkutubi.

Wiki hiyohiyo maktaba ikaanza kunuka.

"Eish! Kama soksi za mjomba anayelinda geti Hillbrow," alisema Exaucé wa darasani kwao, kabana pua. Wenzake wakacheka. Candide hakucheka. Yeye alijua harufu inatoka wapi.

Siku moja alikuwa amechukua kitabu kikubwa cha picha za samaki, kitabu kisichoruhusiwa kutoka maktaba. Alitaka kulala nacho siku moja tu, akirudishe. Mvua ya radi ikamkuta njiani, kitabu kikalowa chapachapa. Kesho yake alikirudisha kimyakimya. Alikisukuma nyuma ya vitabu vya rafu ya chini, kikatumbukia kwenye upenyo kati ya rafu na ukuta. Akajiambia kitakauka chenyewe.

Hakikukauka. Kiliota kuvu, na kuvu ikahamia kwa majirani zake.

Mkuu wa shule, Mama Mokoena, aliona alama za kijani kwenye vitabu akatikisa kichwa. "Eva, nyuma ya ukuta huu kuna vyoo. Bomba linavuja. Siwezi kuwaweka watoto kwenye kuvu. Vitabu vyote vitupwe, chumba nakifanya stoo."

Jioni Candide alimkuta Eva jikoni, kisu mkononi, viazi havijamenywa. Macho yalikuwa mekundu.

"Nimepapasa ukuta wote, mdogo wangu. Sioni panapovuja. Mkutubi gani huyo, vitabu vinamwozea mbele ya macho hajui kwa nini?"

Candide alimpokea kisu, akamenya viazi badala ya kukiri. Kesho yake wakati wa mapumziko alijilaza sakafuni, akaingiza rula kwenye upenyo ili akivute kitabu. Kikazidi kuingia ndani. Alilala pale shavu kwenye vumbi, akatamani naye atumbukie humohumo.

Alhamisi ililetwa mifuko myeusi ya taka. Eva aliikunjua mwenyewe. Alianza na vitabu vya hadithi za watoto wadogo, kimoja kimoja, akikifuta kila kitabu kabla ya kukitupa, kana kwamba kinakwenda kwa wageni.

"Dada Eva, acha!" Candide alipiga kelele. Alisahau kwamba wako shuleni. "Hakuna bomba. Ni mimi. Kiko nyuma ya rafu."

Candide aliposema yote, Eva aliuweka chini mfuko wa taka. "Asubuhi zote zile tunatembea pamoja," alisema, "na wewe unanibebea mfuko?"

Candide alilia.

"Futa machozi. Twende kwa Mama Mokoena. Utamwambia wewe, sio mimi."

Mama Mokoena alikuja, rafu ikasogezwa. Kitabu kilikuwa kimevimba kama mkate ulioota manyoya. Mama Mokoena akaweka kiganja ukutani: pakavu kabisa. "Stoo itasubiri," alisema. "Na wewe, binti, utafuta vumbi humu mpaka muhula uishe."

Vitabu vilivyooza vilitupwa. Vilivyopata kuvu kidogo Candide na wenzake walivipangusa nje juani, wamejifunga vitambaa puani, Exaucé akiwa mmoja wao. Vyenye unyevu Eva alivifunga kwenye plastiki, akavipeleka kwenye spaza, duka dogo la Othmani mtaani kwao, na kuomba nafasi kwenye friza ya kuku.

"Vitabu?" Othmani alishangaa. "Hivi navyo vimechinjwa lini?"

"Kwenye baridi kali kuvu haiendelei, kaka. Ndivyo tunavyofundishwa."

Ijumaa mkufunzi alikuta rafu ya chini ina mapengo. Eva hakumficha kitu.

"Na vingine viko wapi?"

"Kwa Othmani, chini ya kuku."

Mkufunzi alicheka mpaka miwani ikamshuka. Kisha akaomba apelekwe akaone. Eva alifaulu.

Wakirudi nyumbani, Candide aliuliza kwa sauti ndogo, "Dada, kile cha samaki kingepona?"

"Ungenigongea mlango jioni ileile, kingepona. Ningekiweka kwenye baridi, halafu tukakikausha taratibu. Mvua haikukiua kitabu kile, Candide. Kilikufa kwa kufichwa, kikaondoka na wenzake, na kidogo kiondoke na maktaba nzima. Ukiharibu kitu, sema mapema, wakati bado kuna la kufanya."

Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Kensington. Candide akasimama, akafungua mkoba.

"Nina kitabu humu. Hiki umeniazima mwenyewe. Una mfuko wa plastiki?"