Sitaki Kubebwa, Kheir

Soko la Darajani, Unguja, lilikuwa limejaa watu siku Kheir alipomwona Riyama kwa mara ya kwanza. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya Taherali, fundi wa kompyuta, kavaa baibui jeusi na mtandio wa zambarau, anazungumza taratibu lakini hakuna aliyethubutu kumkatiza.

"Bwana Taherali, picha zikipotea zipotee. Sauti usiziguse. Mna bibi zangu wa Makunduchi humo, na wengine washafariki."

Kheir, aliyekuwa akingoja simu yake itengenezwe, alishindwa kujizuia. "Wanasema nini hao bibi zako, dada?"

Riyama alimtazama kuanzia kofia mpaka makubadhi. "Wanasema Kimakunduchi. Wewe hutofahamu."

"Basi nifundishe."

Tabasamu likamponyoka.

Riyama alikuwa mhadhiri wa isimu, na sarufi ya Kimakunduchi, lahaja ya kusini mwa Unguja, aliyoiandika ilikuwa imemla ujana wake. Kheir alikuwa mtaalamu wa takwimu. Jioni walikula urojo, na wakishaachana simu haikukaa kimya.

"Ushakula, laazizi?"

"Nshakula. Na wewe?"

"Mie nshashiba sauti yako."

"Takwimu ndo zinakufundisha maneno haya?"

Mwaka uliofuata, chuo cha Riyama kikaamua kupandisha vyeo watafiti wake kwa kuangalia makala zao zimenukuliwa mara ngapi na wenzao duniani. Kazi ya kuhesabu ikapewa ofisi ya Kheir, kwa siri. Alijumlisha kama alivyoagizwa. Juu kabisa akatokea Dokta Fayaz, mtafiti wa malaria. Chini kabisa, Riyama.

Kheir aliona kasoro papo hapo. Malaria inaandikwa na maelfu ya watu, na wote wananukuliana. Wanaochunguza lahaja ni wachache, tena huandika vitabu, na vitabu havikuhesabiwa. Akaliandikia baraza la chuo kwamba vitabu navyo vihesabiwe, na kila kazi ilinganishwe na kazi za fani yake, za mwaka wake. Kisha akajitoa, kwa kuwa mmoja wa wanaopimwa ni mpenzi wake, na mwenzake Maisara akaimalizia. Kheir hakumwambia Riyama kitu.

Lakini siri haikukaa. Shadya, mhadhiri mwenzake Riyama, alimnong'oneza kwamba yeye ni wa mwisho, na aliyemhesabu ni Kheir.

Riyama akapiga simu. "Umenihesabu, Kheir?"

"Nilianza, ndiyo."

"Ukaniona wa mwisho, na kila jioni ukaniuliza kama nshakula."

"Hesabu ile haikuwa sawa. Nshawaandikia baraza..."

"Uwaambie wanionee huruma? Sitaki kubebwa, Kheir. Kazi yangu ikiwa ndogo, na iwe ndogo kwa haki."

Akakata. Kheir alipiga tena na tena, haikupokewa. Riyama aliendelea kufundisha, mgongo umenyooka, macho yamevimba.

Siku ya matokeo wahadhiri wote waliitwa ukumbini. Maisara alieleza kipimo kipya. Riyama akasimama.

"Kwa hiyo mnanilinganisha na wachache ili nionekane mkubwa?"

"Hapana, Bi Riyama. Tunakulinganisha na wanaofanya kazi yako, popote walipo duniani. Na kati yao, unanukuliwa mara tatu zaidi ya mtu wa wastani. Dokta Fayaz naye yuko juu ya wastani wa fani yake. Hakuna aliyeshushwa ili mwengine apande."

"Na Kheir kahesabu nini hapo?"

"Hakuhesabu hata tarakimu moja. Yeye alitukumbusha tu kosa letu, kisha akajitoa. Alisema humu mna mtu anampenda, hafai kumpima."

Ukumbi ukacheka. Fayaz ndiye aliyeanza kupiga makofi, na wengine wakasimama. Riyama alibaki kasimama vile vile, uso juu, machozi yakishuka bila kuyafuta.

Riyama alimkuta Kheir amekaa barazani nje, kanzu imekunjika kwa kungoja.

"Ungenambia umejitoa," alisema Riyama.

"Ningekwambia hilo tu, nisiseme mengine. Nimekosa."

"Nami nilikata simu hujamaliza kusema." Akakaa pembeni yake. "Mara tatu, Kheir. Umesikia?"

"Nimesikia. Nataka kukuoa, Riyama."

"Unanambia mie? Nenda Makunduchi kwa mama."

Akaenda, yeye na ami yake Silima, wamevaa kanzu nyeupe zilizopigwa pasi vizuri. Bi Mwatima, mama yake Riyama, aliitikia shikamoo zao, akawakaribisha kwenye mkeka, akamkazia macho kijana.

"Mwanangu unaijua kazi yake?"

"Naijua, mama. Watu wa nchi za mbali wakitaka kujua mnavyozungumza hapa, humsoma yeye."

Nyuma ya pazia Riyama alitega sikio. Kisha mama akajifunga kanga vizuri mabegani, akakaa kitako kama mtu aliyepewa cheo mwenyewe.

"Haya," alisema. "Semeni mliyojia."