Machano na Mashine ya Maji

Mwaka 1970, Machano alikuwa fundi pekee wa mashine ya maji mtaani kwao mjini. Wenzake watatu walihama kisiwa miaka sita nyuma. Tangu hapo alikula peke yake, na alisema na injini zaidi kuliko alivyosema na watu. Injini haiitikii salamu.

Wanafunzi walikuja. Lakini mafundi wa zamani walikuwa wamemfunza Machano kuficha siri ya kazi. Mashine ikikataa kuwaka, aliwatuma wanafunzi kununua kahawa. Wakirudi, waliikuta inanguruma.

Siku moja Jecha, mwanafunzi wa tano, aliaga.

"Miezi minane, fundi. Kununua kahawa nshajua. Nnakwenda sokoni Darajani nikauze yangu."

Jioni ikaja habari kutoka kijijini Uroa: mama yake Machano anaumwa, anamwita. Machano akaketi kizingitini, mkono shavuni. Akiondoka, nani ataitengeneza mashine? Mtaa mzima utakosa maji.

Jirani yake, Bi Shemsa, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, alimkuta hapo.

"Umekaa kama uliyefiwa, Machano."

"Mama ananiita, nami nimefungwa hapa. Vijana hawataki kazi, Bi Shemsa. Wote wananikimbia."

"Wameikimbia kahawa yako. Mtu hujifunza kwa jicho na mkono. Wewe unawaonyesha mgongo."

"Nikiwafunza yote, watanitoa kazini."

"Na sasa kazi inakutenga na mama yako. Waonyeshe kila hatua. Wape spana, wafanye wenyewe. Waandike daftarini. Mtu anayeona ujuzi wake unakua, habanduki."

"Jecha kashaondoka."

"Kamfuate. Tena darasani kwangu yumo Kidawa, wa Makunduchi. Cherehani zote za mtaa anazitengeneza yeye."

"Mwanamke, kwenye dizeli?"

"Masizi ya jikoni hayakumla. Dizeli itamla?"

Asubuhi Machano alimfuata Jecha, akamwomba radhi, naye akakubali kurudi. Kisha akasimama mbele ya mashine, Jecha kulia, Kidawa, aliyeletwa na Bi Shemsa, kushoto.

"Sogeeni," alisema. "Hewa ikiingia kwenye mafuta, mashine haiwaki. Legeza nati hii. Piga pampu hii ndogo ya mafuta kwa mkono mpaka povu liishe. Kisha kaza."

"Ndiyo hiyo tu?" Jecha aliuliza. "Miezi minane?"

Machano aliinamisha kichwa. "Ndiyo hiyo."

Kidawa aliandika, akashika spana. Dizeli chafu, nyeusi, ikamrukia machoni.

"Wanja umekupendeza, Bi Kidawa," Jecha alisema.

"Ngoja zamu yako."

Siku ya nne, kila mmoja aliiwasha mashine peke yake, Machano akiwa nje. Fundi akafunga kifurushi chake, akaenda Uroa.

Wiki ikapita. Akaja mtu kutoka mjini.

"Maji je?" Machano aliuliza haraka.

"Yanatoka. Kwani kuna nini?"

Kumbe huko mjini hakuna aliyemwulizia. Moyo ulimchoma kidogo. Akaingia ndani, akamnywesha mama yake uji.

"Kesho unarudi?" mama aliuliza.

"Sina haraka, mama. Wapo wenzangu."