Mahari Chini ya Kambale

Siku walipokutana walikuwa wakigombea beseni la samaki. Kama wangekuwa na akili, wangejua mapema kwamba nyumba yao ingekuwa ya makelele.

Ilikuwa Jumamosi, mwaka wa hamsini na nne, na soko la Élisabethville lilikuwa limejaa pomoni. Victorine, fundi cherehani, alivaa kitenge cha maua mekundu na blauzi ya mikono iliyovimba, kazi ya mikono yake mwenyewe. Alikuwa ameshika beseni la kambale hai wa mto Kafubu, wadogo kama kidole, wenye ndevu. Mara mkono wa mwanamume ukashika ukingo wa pili.

"Pardon, mama. Hii ni yangu."

"Umeiandika jina? Mi nataka kuipika na nyanya."

"Kupika! Mi nataka kuiangalia tu."

Victorine alicheka mpaka kilemba kikalegea. "Weye unakulaka samaki na macho?"

"Kuya ku Katuba, utaona."

Akaenda mtaani Katuba, pamoja na binamu yake wa kumlindia heshima. Donat alikuwa fundi wa vioo vya madirisha, na kwa vipande vilivyobaki kazini alikuwa amejijengea tangi kubwa chumbani. Juu vijisamaki vya rangi ya fedha vilikimbizana. Chini kambale walitembea pole pole, wakichimbua mchanga kwa ndevu zao.

"Hawa ba chini habana fujo," Donat alisema. "Lakini ukimuweka mumoja peke yake, anasikitika. Anapenda benzake."

"Kama weye sasa."

"Kama mie, chérie."

Basi, wakapendana. Baba yake Victorine, mzee Pierre, mstaafu wa reli kutoka kaskazini, akamwita Donat aje Jumapili na mahari ya msalaba wa shaba, maana kwao binti hakutoka nyumbani bila msalaba ule wa zamani. Donat aliupata kwa mjomba wake. Lakini mlango wake ulikuwa wa kusukuma kwa bega, na wezi wa Katuba walijua kila godoro. Akauzika chini ya mchanga wa tangi, akajisifu moyoni: nani atatafuta mahari chini ya samaki? Hakumwambia mtu, hata mchumba wake. Akili nyingi huondoa maarifa.

Kambale wakaanza kufa. Kwanza wawili, halafu wengine, matumbo juu. Donat alibadilisha chakula, akabadilisha maji, akakosa usingizi. Victorine alipofika na sahani ya ugali wa bukari na mboga ya sombe, alimkuta uani na samaki mfu kiganjani.

"Tena, mupenzi? Pole."

"Pole gani? Tangu weye ulianza kuingia humu, samaki yangu inakufa!"

Ua mzima ukageuka kuwatazama. Mama Chileshe, jirani, akaacha kutwanga. Kumwambia msichana maneno kama hayo siku chache kabla ya mahari ni kumwita mkosi, na mkosi haolewi Katuba wala mtaa wa Kenya wala popote.

Victorine akaweka sahani chini. "Asante, Donat," alisema, akaenda zake. Aliumia hata hakulia.

Kesho yake maneno yalikuwa yamefika kwa mzee Pierre. Donat akaenda mara mbili, na mara mbili akafungiwa mlango. Akarudi amekasirika: na mzee, na majirani, na zaidi na mdomo wake. Kwa hasira akamwaga tangi lote. Msalaba ukatoka mchangani umevaa kutu ya kijani, unateleza mkononi.

Akaubeba hivyo hivyo mpaka kwenye kibaraza ambapo Victorine alikuwa akishona.

"Angalia. Nilificha mu tangi."

Victorine akasimamisha mguu kwenye cherehani. Akautazama msalaba, akamtazama yeye.

"Mukuba? Shaba mu maji ya samaki?" Akasimama. "Hata maharagwe hailalaka mu sufuria ya mukuba, mutoto yote anajua! Kumbe njo weye uliwaua, si mie!"

"Njo mie. Nisamehe, mama."

"Apana hapa. Ulinitukana mbele ya bantu, utasema mbele ya bantu."

Wakaenda Katuba, yeye mbele, Donat nyuma. Katikati ya ua Donat akainua msalaba.

"Victorine hana mukosi! Samaki niliua mie, kwa bujinga bwangu!"

"Sauti!" Victorine akaamuru. "Mama Chileshe hasikii muzuri."

Donat akarudia mpaka mbwa wakabweka. Watu wakacheka, wengine wakapiga vigelegele. Victorine hakucheka. Midomo tu ilimcheza kidogo, na Donat akaiona.

"Nitausugua na ndimu," alinong'ona. "Jumapili, siku ya Mungu, baba yako atauona unang'aa."

"Kuusugua? Ata kidogo! Utauleta vile vile, kijani. Baba atauliza juu ya nini iko vile, na weye utamuelezea yote, mbele ya bajomba bangu bote."

"Na akikataa?"

Victorine akafunga kitenge chake vizuri kiunoni.

"Akikataa, mi nitakuwa nimekaa pembeni yako. Atatukataa bawili."